Neno Moja, Nusu Safu

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo na hasira yangu imeanza nayo. Nitaziandika pamoja hapa mpaka moja kati yao ikatike.

Nieleze kwanza, maana hasira isiyoelezwa ni kelele tu. Nilifundisha lugha mpaka nikastaafu, na tangu hapo nafanya kazi katika ofisi ya kamusi: chumba kimoja cha ghorofani chenye meza ndefu, makabati ya kadi, na dari inayovuja. Tunatengeneza kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili. Toleo la kwanza lilikuwa na juzuu mbili. Leo asubuhi Mkuu wetu ametangaza kwamba toleo jipya litakuwa na juzuu moja, tena nyembamba. Kisha akanigeukia mbele ya wote.

"Mwalimu, set ipate nusu safu."

Set yangu ina kurasa nne, na kila ukurasa una safu mbili.

Watu hudhani maneno magumu ya Kiingereza ni yale marefu. Sivyo. Neno refu ni mgeni aliyevaa suti: anakuja kwa shughuli moja, akimaliza anaondoka. Neno fupi linaishi humo nyumbani. Limeingia kila chumba, limelala kila kitanda, limekula na kila mtu. Set ina herufi tatu, lakini kwa hilo hilo moja Mwingereza anasema jua limekuchwa, saruji imeshika, mtego umetegwa, meza imeandikwa, mtihani umetungwa, mfupa umeungwa, safari imeanza, moto umewashwa, mfungwa ameachiwa. Sisi kila kazi tuna neno lake. Kuyakusanya maneno hayo, moja moja, kutoka kwa watu wanaoyatumia, ndiyo kazi niliyoifanya kwa miaka.

Mkuu alikuwa amekwisha kuandika mfano wa jinsi anavyotaka. Akanisukumia karatasi: "set: weka."

Basi. Weka.

Nikamuuliza, "Na jua nalo limewekwa? Na nani?"

"Mwalimu, mtoto ataelewa kutokana na sentensi."

Bwana Sawasawa, mwenzangu anayeshughulika na herufi R, akasema, "Sawasawa." Ndiyo maana tunamwita hivyo.

Kurasa zinakwenda kwa mpiga chapa mwisho wa Aprili. Asiyemaliza kidahizo chake, yaani neno alilopewa na maelezo yake yote, Mkuu atamwandikia. Kwa hiyo ninajua kitakachotokea nikikaidi: weka.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mkuu aliniamkia. Nikaitikia marahaba kama mtu anayefunga mlango.

Alhamisi, 7 Machi

Sijaandika kwamba Mkuu huyu nilimfundisha mimi, akiwa binti wa shule. Alikaa dawati la mbele, na kila kipindi kilipokwisha alikuwa wa kwanza kuinuka kwenda kufuta ubao. Wenzake wakamwita Kifutio. Alifuta vizuri sana, kutoka juu kwenda chini, bila kubakiza hata nukta. Nilimsifu kwa hilo. Ningejua!

Leo nimetoka kazini nimelowa, nikaanza kumweleza mke wangu habari ya nusu safu tangu mlangoni. Nikaeleza nikivua viatu, nikaeleza nikijifuta kichwa, nikaeleza nikimfuata jikoni. Alikuwa na sufuria mikono miwili. Akasema:

"Andika meza kwanza, hasira utaikuta palepale."

Nikatafuta kalamu. Kwa maana ofisini kwetu tuna kanuni tunayoiita kanuni ya mdomo. Neno la Kiswahili haliingii katika kamusi mpaka mmoja wetu alisikie likitoka kinywani mwa mtu aliye katika shughuli yenyewe. Neno la saruji tunalipata kwa mwashi, la mfupa kwa daktari. Huruhusiwi kutunga sentensi kichwani. Tena kadi lazima imtaje msemaji na iandikwe kwa mkono wa yule aliyesikia, siyo wa mwingine, ili baadaye ikibishaniwa ajulikane wa kuulizwa. Vijana wa ofisi nyingine wanatucheka. Lakini kamusi yetu haina neno la uongo hata moja.

Basi nikaandika kadi hapo hapo, nimesimama jikoni: set, meza, na sentensi yake. Halafu nikaiandika meza yenyewe, sahani na vijiko.

"Na umeniandika mimi ni nani?" akauliza.

"Mama wa nyumba."

"Andika: mwenye njaa."

Jumanne, 12 Machi

Dari ya ofisi inavuja juu ya kabati la S. Bila shaka ni juu ya S. Fundi mwashi amepanda kuziba ufa wa zege. Mkuu akamuuliza kutoka chini kama tunaweza kurudisha makabati. Fundi akajibu, "Bado haijashika, mama. Ukiirukia leo itakusaliti." Nikamtazama Mkuu. Akajifanya anatafuta miwani. Hakusema weka, yule fundi. Alisema shika.

Ijumaa, 15 Machi

Leo tumegombana hasa, na nitaandika yote ili kesho nisijidanganye kwamba nilikuwa mpole.

Mkuu aliuliza nimefikia wapi. Nikamwambia sijaanza kukata na sitaanza. Akavuta kiti, akakaa karibu yangu, akatumia ile sauti ya kuwapoza wazee.

"Mwalimu wangu, nani atasoma kurasa nne za neno moja?"

"Atakayelihitaji."

"Mtoto wa shule ana dakika moja. Anataka jibu, anaendelea na kazi yake."

"Na ukimpa weka, ataandika kwamba daktari aliuweka mfupa. Wapi? Kabatini?"

Bwana Sawasawa akacheka, kisha akakumbuka anayemlipa ni nani, akakohoa.

Mkuu akachukua kadi ya juu katika sanduku langu. Kwa bahati mbaya ilikuwa ya msusi. Akaisoma kwa sauti: "'Nikuseti nywele au nikuache hivyo hivyo?' Mwalimu! Kuseti? Wewe uliyekuwa ukitukata maksi kwa kuchanganya lugha?"

"Msusi ndivyo asemavyo. Kanuni ni mdomo, siyo masikio yako."

"Kwa hiyo kila anachosema mtu kinaingia?"

"Kila anachosema mtu akiwa kazini kwake. Ndiyo."

"Basi kamusi yako haitakwisha mpaka watu wanyamaze."

Nilipaswa kucheka. Ni neno zuri, na zamani ningempa maksi. Badala yake nikapiga meza, kikombe cha Bwana Sawasawa kikaruka, nikasema maneno haya: "Wewe hukuja hapa kutengeneza kamusi. Umekuja kufuta ubao."

Hakuna mtu aliyewahi kulitaja lile jina la utani ofisini; nadhani wenzangu hawakulielewa. Yeye alilielewa. Akainuka, akairudisha kadi ya msusi mahali pake, akainyoosha pembe yake iliyokunjika, akasema, "Nusu safu, Mwalimu. Kwa mkono wako, au kwa wangu."

Nimetembea hadi nyumbani bila mwavuli, kwa makusudi, kama kwamba mvua ingemkomoa yeye.

Jumatatu, 18 Machi

Mafua.

Jumatano, 20 Machi

(Mwandiko huu ni wa mke wake. Ananitamkia mimi naandika.)

Leo asubuhi nimeteleza kwenye ngazi za ofisi zilizolowa, nikiwa nimebeba sanduku la kadi kulileta nyumbani, kwa sababu siwaamini tena wale watu. Mkono wa kulia umevunjika karibu na kifundo. Kadi hazikulowa. Nilianguka nimeziinua juu.

(Ni kweli. Mlinzi amesema alianguka kama mtu aliyebeba mtoto.)

Usiandike hayo. Daktari alinishika mkono akasema, "Mzee, mfupa umeachana. Nauunga sasa, utasikia maumivu." Nikasikia. Lakini nikasikia pia kitenzi, nikamwomba arudie. Akadhani nimechanganyikiwa. Baada ya kunifunga plasta akasema, "Usiutikise mpaka ikauke." Nikamuuliza, "Ikauke au ishike?" Akamwita muuguzi anipime tena joto.

(Nilikuwepo. Nilitamani ardhi inimeze.)

Na sasa andika hivi: Mkuu yule, aliyenifanya nibebe sanduku kwenye mvua, ni

(Nimekataa kuliandika hilo. Nimemwambia asubiri mkono upone aliandike mwenyewe.)

Jumatatu, 25 Machi

Natumia kushoto. Herufi kama kuku aliyekanyaga wino. Inatosha leo.

Jumanne, 2 Aprili

Kadi mpya siwezi. Nakala siwezi. Kanuni inataka mkono wangu. Mkono wangu umefungwa. Weka itashinda.

Ijumaa, 5 Aprili

Bwana Sawasawa kaja. Akajitolea kuniandikia. Nikamwambia kanuni inakataa. Akasema, "Sawasawa," akala, akaenda.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeanza kunakili ukurasa wa kwanza wa set kwa kushoto. Siku nzima. Umepatikana robo ya ukurasa. Bega linawaka. Kila "kwa mfano" namlaani aliyeibuni.

Jumapili, 14 Aprili

Mkono wa kushoto unaanza kunitii, kwa hiyo nitajaribu kuandika zaidi, kwa sababu leo Kifutio amekuja nyumbani.

Alimwamkia mke wangu kwa heshima zote, akavua viatu vyenye matope, akakaa. Nilikuwa nimejiandaa kwa pole za uongo. Akanipa pole fupi, kisha akatazama dirisha. Nikafuata macho yake.

Dirisha letu la sebuleni limeharibika komeo. Upepo wa mvua ukija linapigapiga. Tangu mwezi uliopita mke wangu amelizuia na kitu kizito, nami nimepita hapo kila siku sikukiangalia. Ni juzuu ya pili ya kamusi. Toleo letu la kwanza. Ile yenye S. Imenyonya maji, imevimba, jalada limepinda.

Mkuu akakitazama, kisha akanitazama mimi. Afadhali angesema.

"Mama," nikamwambia mke wangu, "kitabu changu kinafanya nini pale?"

"Kinashika dirisha."

"Ni kamusi!"

"Najua. Nilijaribu na kile cha hadithi, chepesi, kikaanguka. Hiki hakijaanguka hata mara moja."

Ndipo Mkuu akasema, taratibu, bila kucheka, "Kitabu kizito kina kazi nyingi, Mwalimu. Shuleni tulikokwenda kukagua mwezi uliopita wanakikalia watoto wafupi ili waufikie ubao."

Nikalipuka. Nilimwambia kwamba kosa la mtu anayekalia kitabu si la kitabu. Nilimwambia kwamba yeye anafupisha kwa sababu kufupisha ni rahisi. Nilimwambia ile sentensi ya ubao mara ya pili, safari hii mbele ya mke wangu, na nikaeleza jina la utani lilivyopatikana, ili iume vizuri.

"Usimgombeze mgeni hajanywa chai," akasema mke wangu.

"Mwache, mama," akasema Mkuu. Sauti yake nayo ilikuwa imekaza. "Mwalimu, nilikuwa nafuta ubao kwa sababu wewe uliujaza mpaka pembeni, tena kwa herufi ndogo, halafu unaanza kueleza. Waliokaa nyuma walikuwa hawaoni kitu. Nilikuwa nafuta ili uanze upya, labda safari hii uandike kubwa. Kurasa nne zako nimezisoma zote. Mara mbili. Hakuna mtu mwingine aliyezisoma, hata Bwana Sawasawa, yeye alitia saini tu. Ni kazi nzuri kuliko zote zilizomo ofisini. Na nitaikata."

"Kwa weka?"

"Kwa chochote kinachoingia katika nusu safu. Weka niliandika mimi kwa sababu wewe ulikataa kuandika. Nipe kingine."

Akanywa chai, akaaga. Mlangoni alimwambia mke wangu, "Mama, nitakuletea komeo la dirisha." Mke wangu akasema ashukuriwe sana. Hakuna aliyeniuliza mimi.

Nina hasira naye zaidi kuliko mwanzo, maana sasa nimenyimwa hata raha ya kumwona mjinga.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua kubwa. Sikuandika. Nilikitazama kile kitabu dirishani.

Ijumaa, 19 Aprili

Nieleze jambo ambalo sikulijua kwa umri wangu wote. Mkono wa kulia unaandika bila kukuuliza. Unasema "kwa mfano" na sentensi inakuja, na nyingine, na maelezo ya sentensi, na tahadhari juu ya maelezo. Mkono wa kushoto unauliza kila neno: wewe unaingia kwa kazi gani? Na maneno mengi hayana jibu.

Leo nimekaa na kadi zote mezani. Fundi, daktari, msusi, mwindaji panya wa sokoni aliyesema "panya wa siku hizi ukitega ovyo anakucheka." Nawapenda watu hawa. Sauti zao zote zimo humu. Na mkono wangu hauwezi kuwabeba.

Nikaandika hivi, kwa herufi za kuku:

set: (jua) kuchwa; (saruji) kushika; (mtego) kutega; (mfupa) kuunga; (meza) kuandika; (mtihani) kutunga; (moto) kuwasha;

na kuendelea. Kitu katika mabano, kitenzi chake, basi. Hakuna sentensi hata moja. Kila mtu nimemvua maneno yake yote nikamwachia kitenzi, kama mtu anayetoroka na roho yake tu kutoka nyumba inayoungua.

Imeingia katika nusu safu. Ukabaki mstari mmoja mtupu chini.

Nimeitazama kazi hiyo muda mrefu nikitafuta kosa. Halipo. Nimekasirika hadi nimekosa hamu ya kula. Alikuwa anasema kweli Mkuu, na mimi pia nilikuwa nasema kweli, na kweli mbili hazikuingia katika nusu safu, ikaingia moja.

Jumanne, 30 Aprili

Siku ya kusoma. Kila kidahizo kabla hakijafungwa husomwa kwa sauti mezani, mstari kwa mstari, na kila neno lazima mtu aliye pale aseme alilisikia wapi. Lisilo na shahidi linakatwa.

Nilisoma mwenyewe. Kuchwa, nikashuhudia. Kushika, wote walikuwepo siku ya fundi. Nilipofika nywele, Bwana Sawasawa akainua kidole, kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Kuseti si Kiswahili."

"Umelisikia wapi?" akauliza Mkuu.

"Hilo... kwa mke wangu. Kila Jumamosi."

"Basi umeshuhudia. Endelea, Mwalimu."

Nikafika mtihani, kutunga. Hapo nikakwama. Kadi ya mtihani sikuwa nayo. Mimi ndiye niliyekuwa nikitunga mitihani, na mtu hawezi kuwa shahidi wa mdomo wake mwenyewe. Nikatazama mezani. Bwana Sawasawa akatazama kalamu yake. Nilijua sheria. Nikainua mkono wa kushoto kulikata.

"Mimi nimelisikia," akasema Mkuu. "Darasani. Mwalimu mmoja alituambia: 'Mtihani huu nimeutunga mimi, kwa hiyo anayetaka kulia aje alilie kwangu.'"

"Ukaenda kulia?" akauliza Bwana Sawasawa.

"Sikwenda. Alikuwa anaeleza mpaka machozi yanakauka."

Walicheka wote. Mimi sikucheka. Nilisoma hadi mwisho, nikaweka karatasi na sanduku la kadi mbele yake. Akaihesabu mistari kwa ncha ya kalamu.

"Weka iko wapi?"

"Nimeikata."

"Watu wanasema weka, Mwalimu. Weka vikombe mezani. Umesikia nami nimesikia."

Kanuni ni kanuni. Nikairudisha, mwishoni kabisa, baada ya wengine wote. Akatia saini. Hakusema asante, na nilimheshimu kwa hilo.

Jumatatu, 6 Mei

Jua. Komeo la dirisha limefungwa. Kamusi imerudi rafuni, haisimami wima tena.

Ijumaa, 17 Mei

Plasta imetolewa jana. Mkono umekonda kama wa mtu mwingine, lakini ndio unaoandika haya.

Mchana wameleta kurasa za kwanza kutoka kwa mpiga chapa. Nikafungua S, nikaipata set, nusu safu, imetulia. Kuchwa, kushika, kutega, na weka mkiani. Nikafika chini, pale nilipoacha mstari mmoja mtupu.

Haukuwa mtupu. Pamepigwa chapa sentensi, ndiyo pekee katika kidahizo kizima: *Andika meza kwanza, hasira utaikuta palepale.*

Nikainuka na ukurasa mkononi hadi mezani kwa Mkuu. Nilikuwa na watu wangu wote sandukuni, nikamwambia. Fundi, daktari, yule wa panya. Niliwaacha wote kwa ajili ya nusu safu yake, sikumpendelea hata mmoja, ndiyo ilikuwa haki pekee iliyobaki. Kwa nini yeye amechagua? Na kwa nini hiyo?

"Mstari ulikuwa mtupu," akasema. "Na kadi ile ilikuwa moja ya zile za mwisho zenye mwandiko wako wa kulia. Nilidhani huenda isipatikane nyingine."

Nikauchukua ukurasa, nikaenda nao nyumbani.

Nikamwonyesha mke wangu. Akausogeza ukurasa karibu na macho, akasoma, akasoma tena.

"Wameandika ni nani aliyesema?"

"Hawaandiki."

"Na yule mwenye njaa?"

"Hakuna nafasi."

Hapo nikaanza kueleza: kwamba fundi alikuwa na sentensi nzuri zaidi, kwamba mstari mmoja si haki ya mtu mmoja, kwamba wasomaji watadhani kamusi nzima ni ya mzaha. Nilieleza nikivua viatu. Nilieleza nikimfuata jikoni. Alikuwa na sufuria mikono miwili. Safari hii alinitazama tu, akasubiri.

Nikatoa sahani. Nikatoa vijiko, nikavipanga, kwa mkono wa kulia, polepole. Nikaleta maji ya kunawa. Tukala.

Tulipomaliza nilikwenda kuitazama hasira yangu pale nilipoiacha. Ilikuwepo.